Mpira Uko Wapi? Kazi ya Kutangaza Kandanda Redioni

Anayesikiliza mpira redioni ana swali moja lisilomtoka tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho: mpira uko wapi? Mengine yote, nani anao, wanashambulia goli lipi, dakika ya ngapi, matokeo yakoje, yanakuja nyuma ya hilo. Mtangazaji anayelijibu swali hili kila wakati anaweza kuwa na sauti ya kawaida tu, asiwe na msemo hata mmoja wa kusisimua, na bado mtu wa Tukuyu au Mafinga akasimama kwenye kiti mpira unapokaribia kumi na nane, eneo lile la hatari mbele ya goli. Asiyelijibu atapiga kelele mpaka koo likauke, na msikilizaji ataambulia kujua tu kwamba kuna mtu anapiga kelele Uwanja wa Sokoine, Mbeya.

Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wengi wanaoingia kwenye redio zetu za Nyanda za Juu Kusini wanaamini kazi hii ni kasi ya ulimi na wingi wa sifa. Kasi ina nafasi yake, sifa nazo zinanogesha. Lakini hivyo ni vya juu juu, na mtu akianza navyo hafiki mbali.

Chukua shambulizi moja la sekunde kumi hivi, Tanzania Prisons wakicheza na Mbeya City, timu mbili za Mbeya. Mtangazaji wa kwanza analisimulia hivi: “Anakwenda, anakwenda, anampa mwenzake, pasi safi kabisa ile, huyu kijana ni hatari jamani, anampita, anampita, anapiga... ooooh! Nusura! Ebwana eeh, mechi imepamba moto hapa!”

Wa pili analisimulia hivi: “Prisons wanao, katikati ya uwanja. Namba sita anageuka, anautanguliza kulia, upande wa jukwaa kuu. Winga ameupata, hatua kumi kutoka kwenye kibendera cha kona. Beki yuko mbele yake. Amempita! Krosi, ndani ya kumi na nane, kichwa... juu! Juu ya mtambaa panya. Goli kiki kwa City. Bado bila kwa bila, dakika ya 34.”

Nimeweka namba za wachezaji. Hewani yangekuwa majina. Sasa hesabu mahali palipotajwa. Katikati, kulia, jukwaa kuu, kibendera cha kona, ndani ya kumi na nane, juu ya mtambaa panya. Mahali sita, na kila pamoja panausogeza mpira karibu na nyavu. Mapigo ya moyo ya msikilizaji yanapanda kwa sababu umbali unapungua, na yanashuka ghafla kwa neno moja, “juu”. Kwa mtangazaji wa kwanza hakuna mahali hata pamoja. Hatujui timu ipi ilikuwa na mpira. Ile “ooooh” hatujui kama kipa aliudaka, kama uligonga mwamba au ulikwenda nje mita kumi. Msisimko wake ni wa kweli, ameuona mchezo na ameupenda, ila amebaki nao peke yake.

Pale Uyole, kwenye maghala ya viazi, niliwahi kumtazama kijana anayeshona midomo ya magunia huku simu ya kitochi ikiwa kwenye mfuko wa shati, waya wa spika za masikioni ukining'inia kifuani kwa sababu waya huo ndio antena. Mikono haikusimama. Sindano ile ndefu ilipita na kurudi, kamba ikakazwa, gunia likasukumwa pembeni, jingine likavutwa. Ila mtangazaji alipotamka “eneo la hatari”, sindano iliganda katikati ya tundu. Mpira ulipookolewa, ikaendelea. Huyo ndiye msikilizaji wa redio: macho na mikono yake viko kazini, ametoa masikio tu, na analipwa kwa magunia aliyoshona. Kumwambia “mmeona ile pasi?” ni kumsahau kabisa. Kauli hiyo imehamia redioni kutoka kwenye televisheni, na siku hizi naisikia mara nyingi mno.

Kiswahili chenyewe kinamsaidia mtangazaji, na kinamtega pia. Msaada wake ni kwamba neno moja linabeba sentensi nzima. “Anautanguliza” lina mchezaji ndani yake, lina wakati, lina mpira, vyote kwa pumzi moja. Mpira una kiambishi chake, u, kwa hiyo “umetoka”, “unarudi”, “umepanguliwa” zinaeleweka bila kuutaja. Mtego uko kwenye herufi a. Wachezaji wote 22 ni a, mwamuzi ni a, hata kocha anayegomba pembeni ni a. “Anampa, anamrudishia, anampiga chenga, anamwangusha”: baada ya vitendo viwili msikilizaji hajui tena nani kamfanya nini nani. Ndiyo maana watangazaji wazuri hutanguliza jina, kitendo kikafuata, na kila mpira unapobadili miguu jina linatajwa upya. Sikioni linaweza kuonekana jambo la kurudiarudia. Kwa aliyefumba macho hakuna njia nyingine.

Wakati nao una kazi. “Anapiga” inamweka msikilizaji kwenye sekunde yenyewe, “amepiga” inamwambia limeshatokea. Mdomo siku zote uko nyuma ya jicho, kidogo tu, lakini nyuma. Mtangazaji anayelazimisha kila kitu kiwe “ana” huishia kueleza pasi iliyopita huku uwanja mzima ukishangilia bao. Aliyekomaa anajua kurukia “ame”: “amefunga!”, kisha anarudi kueleza lilivyotokea. Hajadanganya, na hajaachwa.

Kuna kingine kinachofundishwa kwa shida. Si kila pasi inastahili kutajwa. Mabeki wakipasiana nyuma, mpira unatembea haraka kuliko ulimi wowote, na hakuna linalotokea. “City wanapasiana taratibu kwenye nusu yao” inatosha. Nafasi hiyo ndogo ndiyo ya kutaja matokeo, kadi, mabadiliko, hali ya hewa, hata kumsalimia shabiki wa Mbozi. Mpira ukivuka mstari wa katikati na kasi ikapanda, hayo yote yanaachwa hapo hapo, hata sentensi ikiwa haijaisha. Nimesikia mara nyingi mchambuzi akieleza mfumo wa tatu-tano-mbili huku kelele za jukwaani zikionyesha wazi kwamba kuna jambo golini. Kosa hilo ni la wawili. Mchambuzi hakuangalia uwanja, na mtangazaji hakumkata. Kumkata mwenzako kwa sababu mpira umeingia kumi na nane si utovu wa adabu, na wanaofanya kazi pamoja wanapaswa kukubaliana hivyo kabla ya mechi, hata kwa ishara ya mkono begani.

Tatizo la mahali lina umri sawa na kazi yenyewe. BBC iliporusha moja kwa moja mechi yake ya kwanza ya kandanda, Arsenal na Sheffield United uwanjani Highbury, Januari 22, 1927, jarida la Radio Times lilikuwa limechapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa vyumba vinane vyenye namba. Teddy Wakelam alisimulia mchezo, na sauti ya pili ikataja namba ya chumba mpira ulipo, msikilizaji akifuata kwa kidole nyumbani kwake. Wiki moja kabla, Wakelam alipotangaza mechi ya raga ya Uingereza na Wales pale Twickenham, aliwekewa karibu yake mtu asiyeona, mpenzi wa mchezo huo, akaambiwa asimulie kama anayemsimulia yeye. Mchoro uliachwa baadaye, kwa kuwa watangazaji walijifunza kuubeba kwenye maneno. Lile la mtu asiyeona halijachakaa hata kidogo, na ningependa kila redio yenye kipindi cha michezo ilifanye mara moja kwa msimu.

Kwetu redio ilibeba mzigo huo muda mrefu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Taifa Stars ilipocheza Kombe la Mataifa ya Afrika kule Lagos mwaka 1980, nchi ilihudhuria kwa masikio. Tukuyu Stars ilipoutwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1986, mwana Rungwe aliyeshindwa kuifuata timu safarini alikuwa na Radio Tanzania tu, kwenye mawimbi ya kati na mafupi, sauti ikipanda na kushuka na mikwaruzo ikiingia. Sauti za watangazaji kina Ahmed Jongo, na ya Charles Hilary aliyefariki Mei 2025, zilikaa kwenye vichwa vya watu kwa sababu hii. Maneno yao yalipaswa kupenya mikwaruzo, kwa hiyo matamshi yalikuwa safi, silabi hazikumezwa, na jina la mchezaji lilisikika hadi herufi yake ya mwisho. FM imetupa sauti safi, na usafi huo umewafanya wengi walegee. Silabi zinamezwa kwa sababu mashine inasamehe.

Lakini milima haisamehi. Mawimbi ya FM husafiri kwa kunyooka, hayapindi nyuma ya mlima kama ya kati wala hayagongi anga na kurudi kama mafupi. Ndiyo sababu kijiji kilicho nyuma ya mgongo wa Safu za Livingstone au kwenye bonde la Kipengere kinaweza kukosa redio ambayo kijiji cha juu yake kinaisikia vizuri. Abiria wa basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya analijua hili akipanda Kitonga: mechi inapotea, inabaki shhh ndefu, kona baada ya kona, kisha inarudi ghafla Ilula inapokaribia. Cha kwanza anachotaka si uchambuzi. Anataka matokeo. Kama mtangazaji ataongea dakika tano bila kuyataja, abiria huyo atageuka kumuuliza jirani ambaye naye hajui.

Wasikilizaji wa redio wanaingia na kutoka muda wote. Mmoja amepanda bajaji Mwanjelwa, mwingine ametoka kanisani, wa tatu betri ilizima. Red Barber, mtangazaji maarufu wa besiboli Marekani, alikuwa na kijisaa cha mchanga cha kuchemshia mayai, cha dakika tatu. Mchanga ukiisha, anataja matokeo na kukigeuza. Njia nyepesi namna hiyo, na sijui kwa nini haijaenea kwenye meza za watangazaji wetu, maana hata simu ya mkononi inaweza kutikisika kila dakika tatu mfukoni. “Hadi sasa Prisons moja, City bila, dakika ya 52.” Sekunde nne tu. Aliyekuwepo tangu mwanzo haimsumbui, na aliyeingia sasa hivi imempa mchezo wote.

Maandalizi ndiyo sehemu isiyosikika, na ndiyo inayotenganisha watu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mvua zinaponyesha, Novemba hadi Aprili, mechi za saa kumi jioni zinachezwa chini ya wingu zito, na wakati mwingine ukungu unashuka mpaka upande wa pili wa uwanja unabaki vivuli. Matope yakipanda mgongoni, namba nane na namba sita ni kitu kimoja. Mtangazaji anayetegemea namba ameishiwa hapo. Anayewajua wachezaji huwatambua kwa mwendo: yule anayekimbia mabega yamepanda, yule anayeupokea mpira kwa kisigino, yule wa mguu wa kushoto, mwenye nywele za rangi, mwenye viatu vya njano. Ujuzi huo haupatikani kwenye karatasi ya kikosi inayoletwa dakika chache kabla ya mechi. Unapatikana mazoezini, asubuhi ya baridi, ukiwa umesimama pembeni ya kiwanja na daftari.

Simba na Yanga wanajulikana, sura zao ziko kila mahali. Mtihani ni timu inayocheza nao. Mbeya City ilipopanda Ligi Kuu na kumaliza ya tatu msimu wa 2013/14, kikosi kile kilijaa vijana ambao nchi haikuwahi kuyasikia majina yao, na ghafla ilibidi yatajwe sawasawa kila wiki. Novemba 29, 2022, Ihefu waliifunga Yanga 2–1 kule Ubaruku, Mbarali, wakakata mfululizo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga hawakupoteza. Siku kama ile, aliyejiandaa kwa upande mmoja anaumbuka, kwa sababu habari kubwa ya nchi inafanywa na miguu asiyoijua. Kumwita mfungaji “huyu kijana wa Ihefu” wakati mama yake yuko karibu na redio akisubiri jina ni kumnyang'anya mtu kitu chake.

Kwenye karatasi, wengi wenye uzoefu huchora uwanja na kuandika majina kwa nafasi, rangi moja kila timu, wakiacha nafasi pembeni kwa mambo mawili matatu ya kila mchezaji. Majina ya wachezaji kutoka Kongo, Burkina Faso au Ghana yanaulizwa kwa wenyewe au kwa meneja wa timu kabla ya mechi. Haya ni ya kawaida, sikawii nayo.

Sauti inahitaji maneno zaidi. Wanaoanza hupanda juu kwenye kona ya kwanza, dakika ya tatu, na goli likija hawana pa kwenda. Sauti ya mtangazaji inabidi iwe na ngazi. Mpira ukiwa nyuma, anaongea kama mtu anayezungumza na jirani. Ukivuka katikati, sentensi zinafupika kwanza, kabla sauti haijapanda. Ufupi huo peke yake unamwambia msikilizaji ajiweke sawa. Ndani ya kumi na nane, yanabaki majina na vitendo vitupu. Goli likiingia, ndipo kilele. Pumzi ya kulibeba neno “gooool” inatoka tumboni, na lazima iwe imevutwa kabla, wakati krosi iko hewani. Baridi ya Juni na Julai Nyanda za Juu inakaza koo, kwa hiyo maji ya uvuguvugu mezani na skafu shingoni ni vifaa vya kazi.

Baada ya goli, mimi nampenda mtangazaji anayenyamaza sekunde tatu nne. Anawaacha watu wa Sokoine watangaze wenyewe: vuvuzela, ngoma, mluzi, kelele inayokuja kwa wimbi kutoka jukwaa moja hadi jingine. Kisha anaingia na jina, dakika, matokeo, na namna lilivyofungwa. Ukimya huo unamweka msikilizaji uwanjani kuliko sifa yoyote.

Ili kelele hiyo isikike vizuri, fundi mitambo anahitaji maikrofoni mbili: moja karibu kabisa na mdomo wa mtangazaji, inayokamata sauti yake na kuzikata nyingine, na moja inayoelekea majukwaani. Fundi anazipima: kelele ikizidi, maneno yanazama, ikikosekana kabisa, inasikika kana kwamba mtu anaota peke yake chumbani. Kutoka uwanjani sauti huenda studio kwa mtandao wa simu au intaneti, kisha kwenye mnara. Njia hiyo ni fupi ukilinganisha na ya televisheni ya dishi, ambapo picha inabanwa, inapanda hadi setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, inashuka, na king'amuzi kinaifungua upya. Ndiyo maana Kabwe, hapa Mbeya, nje ya kibanda umiza cha kuonyeshea mpira, mwenye redio ya FM anaruka “goli!” huku waliolipa kiingilio ndani wanaona bado kipa anaweka mpira chini. Lakini ukisikiliza redio hiyo hiyo kwa intaneti kwenye simu, unaweza kuwa wa mwisho kabisa.

Nibaki na mbwembwe kidogo, kwa sababu sizichukii. Kiswahili cha mpira ni tajiri: kipute, mtanange, kula chenga ya mwili, kuweka kambani, kutoka kapa. Msemo mzuri ukikaa mahali pake unaishi vijiweni wiki nzima. Lakini msemo unahitaji muda, na muda unapatikana mpira ukiwa umekufa: majeruhi yuko chini, kipa anachelewesha, mshika kibendera ameinua kuotea. Msemo uliotayarishwa nyumbani ukisukumwa katikati ya shambulizi unamfunika mfungaji. Na upo upendeleo. Mtu wa Mbeya akiipenda Mbeya City si dhambi, sauti yenye kwao inapendeza. Tatizo linaanza pale penalti ya wageni inapotangazwa kwa unyonge mpaka msikilizaji asijue kama ni penalti. Mapenzi yakae kwenye rangi ya sauti, yasiguse taarifa.

Kwa kijana anayetaka kuanza, hahitaji redio imwajiri kwanza. Aende na simu kwenye mechi yoyote, hata ya mashindano ya mtaa kule Soweto au Ilomba, Mbeya, asimame mahali anapoona magoli yote mawili, ajirekodi kwa dakika kumi na tano. Kisha atafute mtu ambaye hakuwepo, ampe kalamu na karatasi yenye mchoro wa uwanja mtupu, amchezee rekodi hiyo, na amwombe achore mpira ulikopita. Mahali kalamu itakaposimama kwa sababu mchoraji hajui pa kuipeleka, hapo ndipo mtangazaji alipoacha kutangaza. Arudie rekodi sekunde ile ile, asikilize alikuwa anasema nini. Mara nyingi atakuta neno “anakwenda”.